Umbali na Mwendo: Safari ya Ndege baina ya Lubumbashi na Kinshasa

Mtu aulizaye habari za safari kwa Kiswahili ana maneno mawili mbele yake, umbali na mwendo, na maneno hayo si mamoja. Umbali ni nafasi iliyopo baina ya mahali pawili. Haubadiliki hata kama hakuna msafiri anayeupita. Mwendo ni jambo la mwendaji mwenyewe: hupimwa kwa hatua zake, kwa siku alizolala njiani, kwa chombo kilichomchukua. Ndiyo maana husemwa kwamba kijiji fulani ni mwendo wa siku mbili, na msikilizaji huridhika bila kuuliza idadi ya kilomita. Tofauti hiyo, ambayo lugha imeihifadhi tangu zama za misafara, ndiyo inayohitajiwa ili kueleza vyema safari moja inayowahusu wengi katika vyuo vikuu vya Kongo, yaani safari ya ndege baina ya uwanja wa Luano, Lubumbashi, na uwanja wa N'djili, Kinshasa.

Makala haya yanakusudia kueleza namna umbali huo unavyopatikana, na sababu ya muda unaosomwa katika tiketi kutolingana na muda ambao msafiri hukaa hewani. Jambo la pili si mchezo wa hesabu. Profesa mgeni atokaye Kinshasa kuja kufundisha Lubumbashi, mwanafunzi aliyeitwa kuhojiwa kwa ajili ya msaada wa masomo, mgonjwa anayengojewa na daktari, kila mmoja wao aweza kupoteza saa nzima, pengine saa sita, pengine siku, kwa kuzisoma vibaya tarakimu nne zilizoandikwa katika karatasi yake.

Umbali

Uwanja wa Luano uko karibu na nyuzi 11 na dakika 35 kusini ya Ikweta, na nyuzi 27 na dakika 32 mashariki ya Greenwich. Uwanja wa N'djili uko karibu na nyuzi 4 na dakika 23 kusini, na nyuzi 15 na dakika 27 mashariki. Kwa hiyo, kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, msafiri husogea kwa nyuzi 7.2 upande wa kaskazini na nyuzi 12.1 upande wa magharibi.

Ye yote aliyesoma hesabu za shule ya sekondari aweza kupata umbali kutokana na tarakimu hizo. Uzi mmoja wa kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111 popote duniani. Uzi mmoja wa kwenda mashariki au magharibi hupungua kadiri mtu anavyoiacha Ikweta, lakini katika sehemu hizi zilizo karibu na Ikweta upungufu ni mdogo, na kilomita 110 zatosha. Basi nyuzi 7.2 ni kilomita 799 hivi, na nyuzi 12.1 ni kilomita 1,331. Pande hizo mbili hufanya pembe mraba, na umbali unaotafutwa ni upande wa tatu. Jumla ya miraba yake ni 2,409,962, na kipeo chake ni kama 1,552. Hesabu ndefu zaidi, ile inayofuata umbo la tufe, haileti jibu lililo mbali na hilo. Msomaji aweza kushika kwamba ni kilomita 1,550 na ushei, au maili za bahari zipatazo 838, maana marubani hupima kwa maili ya bahari yenye mita 1,852, ambayo ni dakika moja ya uzi katika duara la dunia.

Njia hiyo ya mkato isitumiwe katika safari ndefu zinazopita kaskazini sana. Baina ya Ulaya na Marekani, mstari ulionyoka katika ramani ya ukutani si njia fupi. Njia fupi ni sehemu ya duara kuu la dunia, nayo huonekana katika ramani kana kwamba imepinda kuelekea ncha ya kaskazini. Baina ya Lubumbashi na Kinshasa mpindo huo ni mdogo mno, na haustahili kumsumbua msafiri.

Linalostahili kumshangaza ni jambo jingine. Mstari ulionyoka baina ya miji hii miwili ya nchi moja haubaki ndani ya nchi hiyo. Baada ya kuupita mkoa wa Lualaba na kusini mwa Kasai, hukata pembe ya kaskazini-mashariki ya Angola, karibu na mji wa Dundo, kisha hurudi Kongo na kuelekea Kwango. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuwafikiria marubani. Ndege inayotaka kubaki juu ya ardhi ya Kongo hulazimika kupinda kidogo kuelekea kaskazini. Ikipita juu ya Kananga, kwa mfano, huenda kilomita 840 hivi kutoka Luano mpaka Kananga, na kilomita 800 hivi kutoka Kananga mpaka N'djili, yaani 1,640 kwa jumla. Kilomita 90 zilizozidi ni kama dakika sita au saba za kuruka. Kwa hiyo umbali wa viwanja ni mmoja, lakini umbali wa njia ni mwingi.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa kuelekea upande wa pili, matokeo yake hayakosi maana kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kutoka Luano mpaka uwanja wa Dar es Salaam ni kilomita 1,380 hivi. Mpaka Nairobi ni kilomita 1,540 hivi, na mpaka Lusaka hazizidi sana 400. Basi Lubumbashi iko karibu zaidi na bandari ya Waswahili kuliko na mji mkuu wake yenyewe, na Nairobi na Kinshasa ziko mbali nayo karibu sawasawa. Historia ya lugha haitokani na rula, bila shaka. Kiswahili kilifika Katanga kwa miguu ya wafanyabiashara na kwa kazi za migodi. Lakini rula haiipingi historia hiyo.

Mwendo wa zamani

Kabla ya ndege, umbali huo wa kilomita 1,550 haukuwa na mtu aliyeupita kama ulivyo. Mwaka 1928 reli ya kutoka Katanga ilifika Port-Francqui, mji ambao leo huitwa Ilebo, kwenye mto Kasai. Tangu hapo msafiri wa Elisabethville aliweza kwenda Léopoldville kwa njia hii: alipanda treni kwa zaidi ya kilomita 1,500, akashuka Ilebo, akapanda meli iliyofuata Kasai mpaka mto Kongo. Reli peke yake ilikuwa ndefu sawa na umbali mzima wa miji hiyo miwili, nayo bado ilimwacha mtu katikati ya nchi. Njia hiyo ilihesabiwa kwa siku, na kwa wale waliokosa meli ilihesabiwa kwa majuma. Barabara nayo hupita kilomita 2,000, na sehemu zake nyingi hazijawahi kutiwa lami. Wakati wa masika dereva hawezi kuahidi chochote.

Shirika la Ubelgiji la Sabena lilianzisha safari za ndege baina ya Boma, Léopoldville na Elisabethville katika miaka ya 1920, zikipitia Luebo. Mfano mzuri zaidi wa kutofautisha muda wa hewani na muda wa safari hutoka katika miaka hiyo hiyo. Rubani Edmond Thieffry aliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, akatua Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku zilikuwa 51. Lakini ndege yake ilikaa hewani saa 75 tu hivi kwa siku zote hizo, ikienda zaidi ya kilomita 8,000. Muda uliobaki ulitumika chini: kungojea hali ya hewa, kutengeneza chombo, kungojea vifaa. Ukigawanya kilomita kwa saa za hewani, kasi hupita kidogo 100 kwa saa. Ukizigawanya kwa saa zote za siku 51, kasi ni ya mtu anayetembea kwa haraka, tena haifiki kilomita 7 kwa saa. Majibu yote mawili ni sahihi. La kwanza ni la chombo, la pili ni la msafiri.

Muda wa hewani

Ndege zilizozoeleka katika njia hii siku hizi, kama vile Boeing 737 na Airbus A320, zikifika juu huenda kilomita 830 hivi kwa saa. Kilomita 1,550 kwa kasi hiyo ni saa 1 na dakika 52. Lakini hakuna ndege inayoanza na kasi hiyo wala kumaliza nayo. Kupanda kutoka Luano mpaka kimo cha mita 10,000 na zaidi, na kushuka tena kuelekea N'djili, huongeza dakika kumi na tano hivi. Mashirika hayahesabu muda tangu magurudumu yaachapo ardhi. Huhesabu tangu ndege inapoondoka mahali iliposimama mpaka inaposimama tena, kwa hiyo huongezwa dakika za kutembea kiwanjani. Ndiyo sababu muda unaotangazwa huwa saa 2 na dakika 15 mpaka saa 2 na nusu.

Upepo wa juu ni mshirika asiyeandikwa katika tiketi. Ukiwa na upepo wa kilomita 50 kwa saa unaosukuma kutoka nyuma, kilomita 1,550 huisha kwa saa 1 na dakika 46. Upepo huo huo ukiwa usoni, huhitajiwa saa 1 na dakika 59. Tofauti ni dakika 13. Karibu na Ikweta pepo za juu kwa kawaida si kali kama zile za bahari ya Atlantiki ya kaskazini, ambako safari ya kwenda na ya kurudi hutofautiana kwa saa nzima na zaidi. Kwa hiyo anayeona kwamba kwenda Lubumbashi kumemchukua saa tatu na kurudi kumemchukua saa moja asiulaumu upepo. Sababu iko kwingine, nayo itaelezwa baadaye.

Dhoruba za radi ni jambo zito zaidi. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi kuliko zote, na mawingu yake hupanda juu kuliko ndege yenyewe. Rubani hapiti katikati yake, huzunguka. Akiiacha njia kilomita 100 kabla ya wingu, akajitenga nayo kwa kilomita 60, kisha akairudia kilomita 100 mbele, ameongeza kilomita 33 tu, ambazo ni kama dakika mbili na nusu. Abiria huona kwamba wamezunguka nchi nzima, kumbe hesabu ni ndogo. Kuchelewa kukubwa hutokea wakati wingu limekaa juu ya kiwanja chenyewe, maana hapo hakuna pa kuzungukia. Sheria za urukaji hudai ndege ichukue mafuta ya kutosha kwenda kiwanja kingine. Kutoka N'djili kiwanja kikubwa kilicho karibu zaidi ni Maya-Maya cha Brazzaville, ng'ambo ya mto, umbali wa kilomita 25 hivi. Lakini dhoruba haina pasipoti: mvua inayofunga N'djili mara nyingi huwa imekwisha kufunga Maya-Maya au iko njiani kuifunga. Mafuta ya kwenda mbali zaidi ni uzito, na uzito huo huchukua mahali pa mizigo.

Kimo cha viwanja nacho kina neno lake. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, N'djili mita 310 hivi. Katika kimo cha Lubumbashi hewa ni nyepesi, na inapopashwa joto na jua la Oktoba huzidi kuwa nyepesi; mabawa huhitaji kasi kubwa zaidi ili yabebe uzito ule ule, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Ndege hiyo hiyo iliyojaa pomoni iliporuka kutoka N'djili yaweza kulazimika kupunguziwa mzigo irukapo kutoka Luano saa za joto. Sanduku lililofika Kinshasa kesho yake halikuibwa na mtu kila mara. Mara nyingine limeachwa na fizikia.

Jua mbili, saa mbili

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majira mawili ya saa. Magharibi, Kinshasa ikiwamo, hufuata saa ya Greenwich kwa kuongeza moja. Mashariki, pamoja na Katanga ya zamani, Kasai zote na Kivu, huongeza mbili. Saa sita za mchana zinapofika Kinshasa, Lubumbashi ni saa saba.

Hebu ichukuliwe ratiba ya mfano. Ndege inaondoka Kinshasa saa 08:00 na kufika Lubumbashi saa 11:20. Inaondoka Lubumbashi saa 14:00 na kufika Kinshasa saa 15:20. Asiyejua habari za majira husoma saa 3 na dakika 20 za kwenda, na saa 1 na dakika 20 za kurudi. Kila saa iliyoandikwa katika tiketi ni saa ya mahali palipotajwa, wala si saa ya msafiri. Kuna njia rahisi ya kuupata ukweli: jumlisha tofauti hizo mbili, upate saa 4 na dakika 40, kisha ugawanye kwa mbili, muda wa kweli ni saa 2 na dakika 20. Ukitoa moja katika nyingine na kugawanya kwa mbili, unapata saa moja kamili, ambayo ni tofauti ya majira. Njia hii hufaa kwa viwanja vyovyote viwili, hata kama msomaji hajui majira ya nchi anayokwenda, ilimradi upepo wa kwenda na wa kurudi usiwe umetofautiana mno. Rubani mwenyewe huepukana na taabu hiyo, kwa kuwa urukaji wote duniani huandikwa kwa saa moja tu, ile ya ulimwengu inayofuata Greenwich.

Saa moja hiyo ya tofauti imewekwa na serikali; jua halikuulizwa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Nyuzi 12.1 zinazotenga viwanja viwili ni dakika 48, wala si 60. Kinshasa iko karibu kabisa na mstari wa nyuzi 15, ambao ndio mstari wa majira yake, kwa hiyo jua la utosi huikuta saa zake zikikaribia 12:00. Mstari wa majira ya Lubumbashi ni ule wa nyuzi 30, ambao uko mashariki yake. Jua la utosi huifikia kwa wastani dakika 10 baada ya saa 12:00.

Kwa Kiswahili jambo hili si dogo, maana hesabu yake ya saa huanza na mapambazuko. Hapo latitudo huingia katika hesabu pamoja na longitudo. Lubumbashi iko kusini zaidi, hivyo mchana wake hurefuka katika Desemba na kufupika katika Juni kuliko wa Kinshasa. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza Lubumbashi kabla ya Kinshasa kwa dakika zipatazo 61, na saa za ukutani zikitofautiana kwa 60, miji yote miwili huliona jua karibu saa 05:45 ya mahali pake. Mwishoni mwa Juni jua huitangulia Kinshasa kwa dakika 35 tu. Hapo Kinshasa huliona saa 06:04 hivi, na Lubumbashi, katika baridi yake, hungoja mpaka karibu 06:28. Mtu wa Lubumbashi anayesema saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika Juni anataja kuchomoza kwa jua. Katika Desemba saa hiyo hiyo jua limekwisha kupanda.

Ndege ya saa mbili

Tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Kiswahili huhesabu saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku. Ili kutoka katika hesabu ya kwanza kuingia katika ya pili, hutolewa sita kuanzia 07:00 mpaka jioni, hutolewa kumi na nane kuanzia 19:00, na huongezwa sita tangu usiku wa manane mpaka alfajiri. Hivyo 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Katika mji ambamo saa hutajwa kwa Kifaransa ofisini na kwa Kiswahili nyumbani, tarakimu mbili na nane hugeuka kuwa mtego: 14:00 kwa Kifaransa cha kila siku ni saa ya pili, kwa Kiswahili ni ya nane, 08:00 kwa Kifaransa ni ya nane, kwa Kiswahili ni ya pili. Ujumbe unaobebwa kwa mdomo kutoka lugha moja hadi nyingine waweza kumfikisha mtu uwanjani saa sita kabla ya wakati au saa sita baada yake.

Kuna utata mwingine ulio ndani ya Kiswahili chenyewe. Usemi “ndege ya saa mbili” una maana mbili zilizo halali: ndege inayoondoka saa mbili, na ndege inayosafiri kwa muda wa saa mbili. Kwa safari ya Lubumbashi na Kinshasa, inayochukua saa mbili na ushei na ambayo aghalabu hupangwa asubuhi, utata huo si wa kubuni. Wasemaji wengi hujiokoa kwa kusema “masaa mawili” wanapokusudia muda, na kuacha “saa mbili” kwa ajili ya wakati. Walimu wa sarufi wamelikemea neno “masaa” kwa sababu saa ni jina la ngeli ya N, lisilobadilika katika wingi. Kemeo hilo lina msingi katika sarufi, lakini halijibu haja ya msemaji, ambaye hakuongeza kiambishi kwa ujinga bali kwa kutenga maana mbili. Anayetaka usanifu na uwazi pamoja ana neno la zamani la kumsaidia: ndege ya mwendo wa saa mbili ni moja tu, na ndege iondokayo saa mbili asubuhi ni moja tu.

Jina la chombo lenyewe lilipata kupitia mgongano kama huo. Kiswahili kilimwazima kiumbe jina lake, kisha kikatenganisha kwa upatanisho: ndege ametua ni mwenye manyoya, ndege imetua ni ya chuma. Jirani za Kiswahili hawakupita njia moja. Katika Kilingala ndeke amebaki kuwa kiumbe, na chombo huitwa kwa jina la upepo, mpepo. Katika Kibemba indeke ni chombo.

Mwisho kuna tarehe. Safari iondokayo saa 00:30 tarehe 12 huondoka, kwa Kiswahili, saa sita na nusu usiku. Usiku upi? Kwa tiketi, tarehe 12 imekwisha kuanza nusu saa iliyopita. Kwa msafiri aliyekula chakula cha jioni cha tarehe 11 na ambaye hajalala, huo ni usiku ule ule alioanza nao. Akienda uwanjani usiku wa tarehe 12 baada ya chakula cha jioni, amechelewa kwa siku nzima, na tiketi yake imekufa. Anayeandika barua ya mwaliko au anayempigia simu mgeni wa chuo asiseme “tarehe 12 usiku”. Kiswahili kina usemi ulio tayari kwa kazi hiyo: usiku wa kuamkia tarehe 12, saa sita na nusu, kwa saa ya mji atakaoondokea.